Fidla ya Mzee na Karatasi ya Mjukuu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, kama yalivyosomwa na Afisa Elimu

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu yake. Leo hatusomi barua ya mikopo wala hesabu ya mbegu. Leo tutazungumza juu ya wanamuziki na maandishi yao. Maana wanamuziki nao wana alfabeti yao, tena wana mabishano juu ya alfabeti hiyo, na mabishano yenyewe yanafanana sana na yale niyasikiayo nikitembelea madarasa yenu.

Mwanamuziki mmoja husema: "Mimi napiga kwa sikio. Mwalimu wangu alipiga kwa sikio. Karatasi ya nini?" Mwingine hujibu: "Asiyejua nota anabahatisha tu." Na tangu televisheni ilipoanza kuonyesha muziki unaopigwa papo hapo, mabishano yamezidi, kwa kuwa kosa la mwanamuziki, lililokuwa likionekana na watu wa ukumbi mmoja, sasa huonekana katika kila nyumba.

Kwanza tuelewane. Nota ni alama ya sauti, kama vile herufi ilivyo alama ya neno litokalo kinywani. Wale wenu mlioimba kwaya mmeona solfa, yaani d, r, m, f, s, l, t. Wengine mmeona ile karatasi yenye mistari mitano na vitone vyeusi, kama ndege waliotua juu ya nyaya. Kitone kikiwa juu, sauti ni nyembamba. Kikiwa chini, sauti ni nene. Elimu ya alama hizo, pamoja na elimu ya kwa nini sauti hii hupatana na ile, ndiyo iitwayo nadharia ya muziki.

Faida ya maandishi hayo mnaijua ingawa hamkuambiwa. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, jina lake Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kuomba baraka, akauandika katika daftari lake kwa solfa. Mwaka 1905 akafariki, angali kijana. Walakini wimbo haukuzikwa naye. Makwaya waliupokea, mwaka 1912 ukaimbwa Bloemfontein katika mkutano wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1961 Tanganyika ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili. Ndio huo mnaousimamia wima mkisikia Mungu Ibariki Afrika.

Haya, huo ni ushahidi wa upande wa karatasi. Upande wa sikio nao una shahidi mkubwa. Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, akawa mfinyanzi na muuza vyungu. Hakujua kusoma. Nyimbo alizishika kwa kusikia, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodiwa katika sahani za santuri, zikauzwa pwani yote hii. Shaaban Robert akaandika kitabu kizima cha maisha yake. Nani atathubutu kusema kwamba mwanamke yule hakujua muziki?

Mimi kwa kazi yangu ni mtu wa karatasi. Nilipokwenda Unguja kwa shughuli za elimu, nilimtembelea mzee mmoja mpigaji fidla wa taarabu, nikidhani nitamshawishi ajifunze nota. Hakutaka jina lake litajwe redioni, nami sitalitaja, wala sitakitaja kituo cha televisheni alichonieleza habari zake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Watu wa elimu huja na maswali; uliza."

Nikamwuliza juu ya televisheni. Mzee akacheka, akaweka fidla mapajani.

"Walitualika mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza tulikwenda na wimbo wa robo saa. Wewe wajua taarabu. Bashrafu kwanza, vyombo vitupu vipige, watu watulie, ndipo mwimbaji aingie. Tulipofika, kijana akatuonyesha saa yake. Akasema, wazee wangu, mna dakika nne. Tukatazamana. Tukabishana ushorobani. Huyu asema tuache ubeti wa pili, yule asema tuache muziki wa katikati. Hatujakubaliana, taa zikawaka. Basi fidla zikaruka ubeti, kanuni haikuruka. Mwimbaji akasimama katikati kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Na nyumbani watu wanatazama!"

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili hapakuwa na kosa hata moja. Ndiyo mbaya zaidi. Walitumia santuri yetu ya zamani. Sisi tukaambiwa tukae na vyombo tufanye kama tunapiga. Nikaambiwa upinde wa fidla nisiupake ule utomvu mkavu, kwa kuwa bila utomvu upinde huteleza tu, hautoi sauti. Nimepiga fidla miaka hamsini, mwanangu. Siku ile nilipiga fidla bubu. Niliporudi, mtoto wa jirani akaniuliza, babu, mbona muziki umesimama na mkono wako unakwenda?"

Hapa mzee alinyamaza kidogo, nami sikuwa na la kusema.

Kisa cha kwanza kilinifurahisha, nikiri, kwa kuwa nilidhani nimepata hoja. Nikamwambia, kila mmoja angalikuwa na karatasi ya nota, mngesema tu, tunaruka kutoka mstari huu mpaka ule, na wote mngeruka pamoja. Akakubali mara moja. Kisha akaniuliza: "Na dakika nne, je? Karatasi itaziongeza?" Hapo alinishinda. Taarabu yataka muda wa kupanda, na yataka watu mbele yake, wainuke, wacheze taratibu, wamtunze mwimbaji fedha mkononi. Ndani ya studio hakuna wa kutunza. Kuna kamera tu, nayo haitoi hata shilingi.

Unguja ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, tena ya rangi tangu siku ya kwanza, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo wanamuziki wa visiwani waliizoea mapema, na malalamiko yao si ya watu wasioijua. Wala mzee yule haichukii. Alinieleza kwamba utotoni alikuwa akisikiliza muziki wa Misri redioni, akiyatafuta mateleza fulani ya fidla asiyapate. Halafu usiku mmoja televisheni ikaonyesha mkono wa mpigaji wa Misri kwa karibu, akaona kidole cha tatu kikiteleza bila kunyanyuka. "Redio ilinificha jambo lile miaka mingi," akasema. Mimi mtu wa redio sikupenda kusikia hivyo, lakini ni kweli.

Yuko mtu aliyelifahamu jambo hilo vizuri kuliko wengi, naye ni Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra wa Marekani. Tarehe 14 Novemba 1954 aliingia katika studio ya televisheni kueleza muziki wa Beethoven. Sakafu nzima ilikuwa imechorwa ukurasa wa kwanza wa nota za muziki ule, mistari mirefu toka ukuta hadi ukuta, na wapigaji wakasimama kila mmoja juu ya mstari wa chombo chake. Halafu akawaondoa wale ambao Beethoven hakuwapa kazi mwanzoni mwa muziki huo. Watazamaji wasiojua nota hata moja waliona kwa macho kwamba mstari huu ni fidla, ule ni filimbi, na mahali patupu maana yake kimya. Mwalimu wa darasa, wewe unayechora herufi ardhini kwa kijiti, hujapitwa sana na bwana huyu.

Kuanzia mwaka 1958 hadi 1972 Bernstein alitoa vipindi 53 vya namna hiyo kwa ajili ya vijana, okestra ya New York ikipiga mbele ya kamera. Na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 9 Februari 1964, vijana wanne wa Uingereza waitwao Beatles walipiga katika televisheni ya Marekani, wakatazamwa na watu wapatao milioni 73. Vijana hao hawakujua kusoma nota. Paul McCartney, mmoja wao, amesema hivyo mwenyewe mara nyingi. Lakini mwaka 1966 Bernstein, msomi wa nota, alipotaka kuwafundisha watoto mpangilio fulani wa sauti, alichukua wimbo wa vijana haohao kuwa mfano. Wao walikuwa wameutumia mpangilio ule kwa sikio. Yeye akauonyesha ulivyo. Hakuwacheka, na nionavyo mimi, hapo ndipo alipokuwa mwalimu kweli.

Mpangilio wa sauti ninaousema ni ndugu wa kile ambacho watu wa taarabu huita makamu. Makamu ni namna ya kupanga ngazi za sauti, umbali wa ngazi hii na ile, na njia ya kupandia na kushukia. Yako makamu ya rasti, bayati, hijazi na mengine, nayo yalitoka nchi za Kiarabu. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka kijana Misri akajifunze kanuni, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Kwa hiyo msidhani taarabu haina nadharia. Inayo, tena ngumu, ila ilikaa vichwani na vidoleni.

Nilipokuwa nikiaga, aliingia mjukuu wa mzee, binti aliyejifunza nota. (Unguja kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambako vijana wengi wamejifunza taarabu kwa mzee na kwa karatasi pia.) Binti alikuwa na daftari la mistari mitano. Akamwamkia babu yake, akaketi chini, akasema, "Babu, tuendelee."

Kumbe walikuwa wakiandika bashrafu moja. Aliyeitunga alikuwa rafiki wa mzee, mpigaji udi, naye alikwisha kufariki. Hakuiandika. Waliokuwa wakiijua walikuwa watano. Sasa amebaki mzee peke yake, na sehemu ya tatu ameisahau nusu.

Mzee akapiga kipande. Binti akaandika, kisha akakipiga kwenye kinanda kidogo cha umeme. Mzee akatikisa kichwa.

"Siyo, mama. Umepita juu."

Akashusha, akapiga kibonye cheusi kilicho chini yake.

"Sasa umepita chini."

"Babu, katikati hakuna kitu! Hapa kuna kibonye hiki na hiki, basi."

"Katika kinanda chako hakuna. Katika fidla yangu kipo."

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiini cha somo letu. Kinanda cha Kizungu kina vibonye 12, kisha sauti huanza kujirudia juu zaidi. Kati ya kibonye na jirani yake pana nusu ya sauti, wala huwezi kuingia katikati, kama vile huwezi kusimama kati ya vipandio viwili vya ngazi. Lakini katika makamu ya rasti, ile "mi" haikai juu ya kipandio. Hukaa kati ya "mi" ya kinanda na kibonye cheusi kilicho chini yake. Fidla na udi havina vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole hukaa popote. Kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, ina vijiti vidogo vya kuinua na kushusha ili kuipata sauti hiyo. Kinanda cha kawaida hakiipati.

Je, karatasi nayo imeshindwa? Nilifikiri hivyo, na nilianza kuona haya kwa ajili ya karatasi yangu. Binti akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari. Akamwonyesha babu yake alama ya kushusha sauti, ifananayo na herufi b, kisha akaikata shingo yake kwa mstari mdogo. Waarabu waandikao nota huiandika hivyo, maana yake, shusha nusu ya vile ulivyotaka kushusha.

Mzee akaitazama muda mrefu. "Basi waliijua," akasema. "Walikuwa na herufi yake."

Akaomba kalamu. Mkono uliopiga fidla miaka hamsini ulitetemeka, kama mikono yenu ilivyotetemeka siku ya kwanza, akaichora ile b iliyokatwa shingo, kubwa mno, ikapita mistari yote mitano. Binti hakuifuta. Wakaendelea na sehemu ya tatu, mzee akiipiga tena na tena, mara akisema ndiyo, mara akisema hapana, rafiki yangu hakupita hapo.

Nilipoondoka walikuwa hawajamaliza.

Sasa kazi ya darasa. Mnajua kwamba wimbo wa taifa la Kenya ulitengenezwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki waliojua nota, wakaijenga juu ya lahani ya wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa kumbembelezea mtoto. Basi kila mmoja wenu akumbuke wimbo mmoja wa kubembeleza, wa kutwanga au wa kuvuta jarife, alioimbiwa nyumbani. Aandike maneno yake katika daftari. Chini yake aandike jina la aliyemfundisha na mahali walipokuwa. Akiwamo darasani mtu ajuaye solfa, mwalimu amwite ubaoni, na mwenye wimbo auimbe polepole mara tatu. Mahali ambapo sauti haikubali kukaa juu ya d, r, m, msiilazimishe. Wekeni alama ya msalaba, na mtuletee daftari hilo kwa posta kabla ya kipindi kijacho.