Kusahihisha Hati ya Madai ya Kiwanja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ng'ambo, Tabora)



Nimeombwa niseme juu ya kusahihisha hati za madai mahakamani, nami nimekubali kwa furaha iliyochanganyika na haya, maana kosa nitakalolieleza ni la mkono wangu mwenyewe.

Mjane mmoja alinunua kiwanja kwa mapatano ya maandishi, akalipa fedha yote, kisha muuzaji akakataa kumkabidhi. Wakili wake akanipa hati niipige chapa. Mapatano yalitaja mwembe mkubwa kuwa mpaka wa magharibi. Mimi nikapiga mashariki. (Mji huu una miembe mingi tangu zama za misafara, na kila muuzaji hupenda kuitaja kuwa mpaka. Lakini miembe hukatwa, na ikiwa kiwanja kina namba, heri itajwe namba.) Mdaiwa akajibu kwa maneno machache: ardhi inayodaiwa si yangu, wala sikumwuzia mtu. Naye alisema kweli! Kwa neno moja la karani, mama yule alionekana anadai ardhi ya jirani.

Sasa, dawa yake iko katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, Amri ya 6, kanuni ya 17. Mahakama yaweza wakati wo wote wa shauri kumruhusu mdai au mdaiwa kusahihisha hati yake, ili jambo lenyewe linalogombewa lipate kukatwa. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Eastern Bakery na Castelino, ilieleza kwamba masahihisho yanayoombwa kabla ya shauri kusikilizwa yaruhusiwe bila ubahili, maadam hayamdhulumu upande wa pili. Wala hapana dhuluma ikiwa hasara yake yaweza kufidiwa kwa gharama.

Lakini mlango huo haupitishi kila mzigo. Dai la mapatano yaliyovunjwa lina miaka 6, na la kurudishiwa ardhi miaka 12, kwa Sheria ya Ukomo ya 1971. Mtu asitumaini kuliingiza kwa jina la masahihisho dai jipya ambalo muda wake umekwisha.

Tuliruhusiwa, tukaamriwa kulipa gharama za siku ile. Amri haikutaja siku ngapi, nami nikadhani kutotajwa ni kupewa nafasi. Kumbe kanuni ya 18 yasema: siku zisipotajwa, ni 14 tangu tarehe ya amri, na zikipita huruhusiwi tena mpaka mahakama iongeze muda. Tulikumbuka siku ya 16. Ikabidi kuomba upya, na mama yule akangoja kwa ajili yangu mara ya pili. Sikuweza kumtazama usoni.

Muda ukaongezwa. Hapo nikajifunza neno la mwisho: hati iliyosahihishwa huchukua mahali pa ile ya kwanza kabisa. Lo lote lililoachwa limeachwa, na viambatisho vyote, pamoja na mapatano yenyewe, yafaa viambatishwe tena. Mdaiwa naye hupewa nafasi ya kujibu upya. Safari hii hakuweza kusema kwamba ardhi si yake.

Nakala ya hati hizo mbili, majina yakiwa yamefutwa, iko mezani kwa karani wetu. Wenye maswali na waulize.