Mtoro wa Dunda na Jina Lililokosekana Jaladani



Mgeni aingiapo Bagamoyo huonyeshwa Boma, magofu ya Kaole, na Misheni ulikopokelewa mwili wa Livingstone mwaka 1874. Ni nadra kuelekezwa Dunda. Hata hivyo, Dunda ndiko alikozaliwa, yapata mwaka 1869, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye taaluma yetu ina deni kwake.

Mtoro alisoma elimu ya dini, akawa mkusanya kodi wa serikali ya Wajerumani, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikachapishwa kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kinachoeleza uzazi, jando, arusi, ngoma na maziko. Sehemu kubwa ya maelezo hayo ni yake. Jaladani likawekwa jina la Carl Velten, aliyeyakusanya na kuyahariri.

Mwaka 1905 Mtoro alijaribu kurejea nyumbani na mkewe Mjerumani. Wakuu wa koloni hawakumruhusu kuingia naye. Akarudi Ujerumani, akafariki Berlin mwaka 1927.

Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ilimrejeshea jina lake. Sisi je? Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi, “Velten asema.” Nakiri kosa hilo. Velten hakutiwa jandoni Bagamoyo, wala hakulelewa kwa lugha aliyoihariri.

Basi tulinukuupo neno la kitabu kile, tumtaje na msemaji wake. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.