Nani Ametufundisha Kutaka?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Kambu)



Liko jambo moja la kukata shauri. Baadhi ya wanachama wameleta ombi kwamba katika madai yetu ya safari hii tumtake tajiri akubali kukata mishahara yetu kila mwezi, apeleke fedha kwa mwenye duka atakayetukopesha simu, pikipiki na televisheni. Kabla ya kura nataka tuulizane: haja hii imetoka wapi?

Babu zetu walikuwa na haja zao. Walitaka ng'ombe, mbuzi, shamba, mizinga ya nyuki. Wala sisemi kwamba hawakutaka vitu vya kigeni. Katika karne ya 19 Wakamba walipeleka pembe za ndovu Mombasa wakarudi na nguo, shanga na waya wa shaba, kwa hiari yao. Lakini kumtumikia mtu kwa mshahara hawakukutaka. Waingereza waliliona hilo. Mwaka 1901 wakaweka kodi ya nyumba, na mwaka 1910 kodi ya kichwa ikawafuata hata vijana wasio na nyumba. Gavana Belfield hakuficha kitu: mwaka 1913 alisema waziwazi kwamba kodi ndiyo njia ya kumtoa mwenyeji kwake akatafute kazi. Basi kijana alifika mlangoni kwa Mzungu akasema, "Nataka kazi." Maneno yalikuwa yake, haja ilikuwa ya mwingine.

Ajabu ni kwamba baada ya kutufundisha kutaka fedha, matajiri wakasema Mwafrika hataki mengi, na ukimwongeza mshahara atarudi kwao upesi zaidi. Kwa hiyo wakalipa mshahara wa mtu asiye na mke: chakula cha tumbo moja na mahali pa kulaza ubavu. Mke na watoto wangelishwa na shamba huko Ukambani, mvua inyeshe isinyeshe. Watu wengi walizoea, wakaona ndivyo dunia ilivyo. Mpaka walipoanza kukaa pamoja na kulinganisha mishahara. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli, hata wa majumbani, waliweka kazi chini kwa siku 12. Mwaka 1954 halmashauri ya Bwana Carpenter ikaandika kwamba mshahara wafaa umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Kutaka kuishi na mke wako si jambo geni, lakini kulidai mbele ya tajiri watu walifundishana wao kwa wao.

Na tusisahau mwaka 1938, serikali ilipowaambia wazee wetu kwamba ng'ombe wao ni wengi mno, ikawachukua na kuwauza kwa bei duni, na huko Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinangoja ng'ombe. Watu walikwenda Nairobi kwa maelfu, Muindi Mbingu akiwa mbele, wakakaa huko wiki kadhaa. Yeye alihamishwa Lamu, lakini uuzaji wa nguvu ulisimamishwa. Mtu akiwa peke yake bomani angeweza kuambiwa mara tatu kwamba hahitaji ng'ombe wengi, na mara ya nne akakubali.

Sasa turudi hapa Kambu. Tunakaa kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mali yote ya dunia inapita mbele yetu juu ya malori, na sisi tunaitazama. Usiku simu inalia, ni tangazo la mkopo. Asubuhi inalia tena, ni mchezo wa kamari. Mimi mwenyewe nilichukua televisheni kwa kulipa kidogo kidogo, kwa sababu jirani alikuwa nayo. Ilikuwa pana kuliko dirisha langu. Nilipomaliza kulipa nilipiga hesabu nikaona ningaliweza kununua karibu mbili. Mke wangu hakusema neno, akaifunika kitambaa.

Lakini haya ndiyo yaliyonifanya niombe kusema leo. Karatasi za madai tulizikusanya kwa njia mbili. Wengine waliandika hapa, mbele ya wenzao, na karibu wote waliandika pikipiki au simu. Wengine walizipeleka nyumbani, na hao waliandika tangi la maji, karo ya shule, ruhusa ya kwenda kumwona mzazi mgonjwa. Mtu mmoja aliandika mara mbili kwa makosa, hapa na nyumbani, na karatasi zake hazifanani hata neno moja. Simtaji jina, na yeye si mwongo. Hapa alitaka kile ambacho wenzake walitaka, na nyumbani alitaka kile walichotaka watu wa nyumbani. Sijui nani kati yetu angefanya vingine.

Sisemi pikipiki ni mbaya. Mwenye kuihitaji kwa kazi aseme. Lakini sheria ya kazi ya mwaka 2007 inaruhusu makato yote pamoja yafike theluthi mbili ya mshahara. Wako kati yetu ambao tayari wanakwenda nyumbani na theluthi moja tu. Tukiongeza mkataji mwingine, na chama kikaweka sahihi, tutadai nyongeza ya nani?

Kwa hiyo naomba kura isipigwe leo. Karani ana karatasi mpya. Kila mmoja achukue yake, akae na mkewe au mumewe, au mamaye, airudishe Jumamosi bila jina. Mwenye duka naye ameitwa siku hiyo. Ataandika ubaoni bei ya fedha taslimu, na kando yake bei ya mkopo mpaka siku ya mwisho ya kulipa.