Figo Inayobaki: MRI, Uvimbe na Kipimo Tunachokiamini Mno



Tukijadili vifaa vya radiolojia Kanda ya Ziwa, hoja moja haikosi: mgonjwa mwenye uvimbe wa figo apigwe ultrasaundi, apimwe kreatinini, apelekwe kwa mpasuaji. MRI, tunaambiwa, ni anasa. Kwamba MRI huona mafuta ndani ya uvimbe, na hivyo humwepusha na kisu mtu asiye na saratani, hakuna anayebisha, sikai hapo. Nataka tuishughulikie hiyo kreatinini.

Hii ni taka ya misuli inayochujwa na figo zote mbili. Damu ya mkononi inakupa jumla tu. Haisemi ipi inachapa kazi na ipi imelala. Tena huchelewa: takriban nusu ya uwezo wa kuchuja yaweza kupotea kabla namba haijavuka kiwango cha kawaida. Mtu aliyekondeshwa na saratani ana misuli kidogo, kwa hiyo namba yake hupendeza hata pale figo zinapoumwa. Halafu kuna kichocho. Ukiacha ufukwe wa Ziwa Victoria ukaelekea Misungwi, Kwimba hadi Shinyanga, unakutana na kile cha mkojo, ambacho makovu yake huziba mirija inayoshusha mkojo kibofuni. Figo hujaa maji, ikafa polepole, mara nyingi bila maumivu. Uvimbe ukiota kwenye ile nzima, mpasuaji akate nini?

Namkumbuka mama mmoja wa Nyakato, Mwanza, muuza dagaa. Kreatinini yake ilikuwa ya kawaida. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe figo ya kulia. Ya kushoto iliandikwa "ndogo kidogo", basi. Kwenye MRI ile ya kushoto ilikuwa ganda, damu karibu haiingii. Mpango wa kutoa figo nzima ya kulia ukaachwa, ukakatwa uvimbe peke yake. Mwanawe akaniuliza, "Kwa hiyo, dokta, mama angebaki bila figo?" Nikamjibu ndiyo.

Wanaonipinga wana hoja nzito zaidi, ya gadolini, dawa inayodungwa mgonjwa ili picha za MRI zing'ae. Mwaka 2006 Thomas Grobner wa Austria aliihusisha na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zimeshindwa, na tahadhari ile ilikuwa ya haki. Lakini kupima mtiririko wa damu hakuhitaji dawa hiyo. Mashine huyatia alama maji ya damu yenyewe kwa mawimbi ya redio yakiwa kwenye aota. Yakifika figoni hupigwa picha, kisha hulinganishwa na picha isiyo na alama. Tofauti ni asilimia chache, na mgonjwa akipumua ovyo inapotea, kwa hiyo mtaalamu lazima akae naye amfundishe kupumua. Figo inafaa mno kwa njia hii, maana figo zote mbili kwa pamoja hupokea takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo.

Hapa naomba mnivumilie nitaje makala ya mtafiti Raymond Damadian katika jarida la Science, Machi 1971, mwaka uleule hospitali yetu ya Bugando ilipofunguliwa. Kurasa tatu tu. Alichukua tishu za panya, akapima muda ambao haidrojeni hutumia kurejea kwenye utulivu wake: ini zima takriban sekunde 0.29, saratani ya ini 0.83, figo nzima karibu nusu sekunde. Wengi humkumbuka kwa ugomvi wa Nobel ya 2003, waliyopewa Lauterbur na Mansfield bila yeye. Mimi huwasomesha wanafunzi majedwali yake kwa sababu tishu nzima alizipima kwa uangalifu uleule aliotumia kwa uvimbe. Sisi tumeshika nusu ya pili tu, uvimbe, tukaisahau tishu nzima.

Gharama nazikubali. Kwenye mawe ya figo na mapafu CT inashinda, na mwenye figo ya pili isiyotiliwa shaka anaweza kuachwa. Lakini akiwa na uvimbe upande mmoja, na upande wa pili figo ndogo au iliyojaa maji, nashikilia kwamba asishuke kwenye meza ya MRI kabla mtiririko wa figo zote mbili haujapimwa. Ni dakika chache za ziada, ndani ya mashine ambayo tayari amelala.