Vidakuzi vya Tovuti katika Kompyuta ya Watu Wengi: Hali ya Steshenari za Kahama, Katoro na Geita



Barua ya mwaliko imeniomba nieleze vidakuzi vya tovuti na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyajua, nikianza na maana, aina na faida. Nitapita hapo haraka. Maafisa TEHAMA mliopo mnazijua fasili hizo, na wenye steshenari, ambao kwa maoni yangu ndio wenye mada hii, hawakufunga biashara siku nzima ili wasomewe kamusi. Nitakayosema ni maoni ya kitaalamu. Yasichukuliwe kuwa tamko la mwajiri wangu.

1. Maana na aina

Kidakuzi ni maandishi mafupi, kwa kawaida yasiyozidi kilobaiti 4, ambayo tovuti huyaacha ndani ya kivinjari ili ikutambue utakaporudi. Mbinu hiyo ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa kuwa tovuti kwa asili yake haina kumbukumbu: kila unapobofya, wewe ni mgeni mpya. Pale karashani, panaposagwa mawe ya dhahabu, mwenye mashine hamjui kila mchimbaji kwa sura; anaijua alama iliyoandikwa kwenye kiroba cha mawe. Kidakuzi ni alama hiyo, na yeyote anayekuja nayo huhesabiwa kuwa mwenye mawe.

Vipo vya tovuti yenyewe na vipo vya watu wa nje, hasa wauza matangazo. Mchimbaji wa Nyarugusu akiangalia bei ya wakia ya dhahabu asubuhi, kisha jioni akisoma habari za mpira akakutana na tangazo la mashine ya kutafutia dhahabu, hakurogwa. Kivinjari cha Safari kiliwafungia mlango hao wa nje mwaka 2020. Google iliahidi mwaka huohuo kuviondoa katika Chrome, ikaachana na mpango huo Julai 2024. Basi tunaendelea navyo.

Yale mabango ya "Kubali zote" yametokana na sheria za Umoja wa Ulaya, hasa maelekezo ya 2002 yaliyorekebishwa 2009. Huko wanayachukulia kwa uzito: mamlaka ya Ufaransa iliwahi kuitoza Google euro milioni 150 kwa sababu kukataa kulifanywa kugumu kuliko kukubali. Huku kwetu mtu hubofya "Kubali" kwa kuwa bango limeziba nusu ya kioo na bando linakwenda. Simlaumu.

2. Tatizo lenyewe

Semina nyingi huishia kwenye matangazo. Mimi nasema wauza matangazo si hatari kubwa ya kijana wa Katoro. Hatari yake ni kidakuzi cha kuingilia kwenye akaunti, kilichoachwa kwenye kompyuta ambayo baada yake wataitumia watu wengine chungu nzima.

Tazameni msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, au siku nafasi zinapotangazwa Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Kijana ametoka Nyang'hwale na nauli ya kuazima. Steshenari ina kompyuta mbili, kila moja ina kivinjari kimoja ambacho hakifungwi tangu asubuhi. Anaingia kwenye barua pepe yake, anajaza, anachapisha, analipa, anabofya alama ya X na kuondoka. Kufunga ukurasa si kutoka kwenye akaunti. Alama yake imebaki mezani, na mteja anayefuata akifungua barua pepe anakaribishwa kwa jina la yule aliyeondoka.

Vitabu vinatuambia kwamba kidakuzi cha muda hufa kivinjari kinapofungwa. Vitabu hivyo havikuandikwa mahali ambapo umeme hukatika saa nane mchana. Ukirudi, Chrome huuliza kama irejeshe kurasa zilizokuwa wazi. Mhudumu mwenye foleni hujibu ndiyo, na vile vilivyopaswa kufa hurudi pamoja na kurasa.

Mifumo mingi hujifunga yenyewe baada ya muda wa ukimya. Barua pepe kwa kawaida haijifungi, nayo ndiyo mama wa akaunti zote: ukisahau neno la siri popote, kiungo cha kulibadili hutumwa huko. Tena barua pepe zenyewe mara nyingi hufunguliwa na mhudumu, kwa namba yake ya simu, na paswedi moja ikiwa ya wateja wote. Hilo si suala la vidakuzi, Mwenyekiti, lakini siwezi kulipita.

Nimeandika dokezo kuhusu jambo hili kwa miaka mingi katika ofisi moja ambayo nayo ina kompyuta ya mapokezi inayotumiwa na kila mtu. Kila mara linarudi limeandikwa "limepokelewa, lifanyiwe kazi". Kazi iliyofanyika ni kubandika karatasi ukutani, kwa Kiingereza, na kununua antivirasi. Antivirasi haijui kama aliyekaa mbele ya kompyuta ni mwenye akaunti au ni mteja aliyefuata.

3. Sheria

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi 3 Aprili 2024. Sheria inahesabu namba au alama inayomtambulisha mtu kuwa taarifa binafsi. Steshenari yenye kaunta buku la namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) na paswedi za wateja inakusanya taarifa, ipende isipende. Asiseme mtu kwamba wadogo hawaguswi: Kenya, Septemba 2023, shule ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila mteja wa steshenari afunguliwe dirisha la faragha (Ctrl, Shift na N katika Chrome). Vidakuzi vyake hufutika madirisha hayo yote yanapofungwa, na umeme ukikatika havirejeshwi. Kwa mara moja, kukatika umeme kutatusaidia.

Pili, mteja atoke kwenye akaunti yake kabla ya kulipa. Mhudumu asipokee hela kabla hajaona ukurasa wa kuingilia.

Tatu, kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, jibu ni hapana. Kisanduku cha "Nikumbuke" kiachwe wazi.

Nne, anayehisi kwamba aliacha akaunti wazi abadili neno la siri kwa simu yake, kisha achague kutoka kwenye vifaa vyote.

Tano, kaunta buku la paswedi lichomwe. Sisemi lifungiwe kabatini.

Sita, WhatsApp ikiunganishwa na kompyuta ili kuchapa cheti, iondolewe kwenye orodha ya vifaa kabla mteja hajatoka mlangoni. Kitaalamu njia yake ni nyingine, ila madhara ni yaleyale.

Saba, halmashauri zianze na kompyuta zao za mapokezi. Hatuwezi kumdai mwenye steshenari wa Segese kile ambacho ofisi zetu hazifanyi.

Nane, narudia la pili: kutoka kwenye akaunti kwanza, malipo baadaye.

Tisa, tangazo la ukutani liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, libandikwe karibu na kioo cha kompyuta na si nyuma ya mlango. Kuhusu bajeti ya mapendekezo haya, lile dokezo langu lipo na halihitaji kuandikwa upya. Nimekuja na nakala za kutosha. Zipo kwa katibu.