Anaondoka na Nini? Kupima Ujifunzaji katika Masomo ya Sanaa



Swali nililokuja nalo jioni hii ni moja. Kijana akisoma shahada ya sanaa kwa miaka mitatu, iwe historia, fasihi, falsafa au Kiswahili, sisi tuliomfundisha tunajuaje kwamba amejifunza? Siulizi tunajuaje kwamba amefaulu. Kufaulu tunakujua: karatasi zimesahihishwa, alama zimejumlishwa, Seneti imeidhinisha, jina limesomwa siku ya mahafali. Ninauliza kuhusu lile analoliweza leo ambalo siku anaingia hakuliweza, na ushahidi tulio nao mkononi.

Swali hili lina haraka yake. Hapa Uganda masomo ya sanaa yanadaiwa yajieleze. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 mwalimu wa sayansi katika sekondari za serikali analipwa zaidi, tena kwa mbali, kuliko mwenzake wa sanaa anayefundisha chumba cha jirani, na mwaka 2025 walimu wa sanaa waligoma kwa sababu hiyo. Ufadhili wa serikali vyuoni nao umeelemea sayansi kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu walimu hawa hawakutendewa haki, na ninalisema hilo waziwazi. Lakini tukiitwa tueleze shahada ya sanaa inamjenga mtu vipi, hatuwezi kujibu kwa hasira, wala kwa kurudia kwamba masomo yetu yanafundisha kufikiri. Tuonyeshe huko kufikiri kuko wapi.

Mtihani wa maandishi wa saa tatu haukuota kwenye kilima hiki cha Kyambogo. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, shahada zilizosomewa Kampala zilikuwa za London, na London ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho juu ya mitihani. Mwaka 1963 kikaja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kila nchi ikabaki na chuo chake. Vyuo viligawanyika, lakini karatasi ya maswali, msimamizi anayezunguka ukumbini na mtahini wa nje vilibaki vilevile katika nchi zote tatu. Siudharau utaratibu huo. Ulimpa mtoto wa mkulima wa Soroti au Kabale haki ya kusahihishwa bila jina lake wala kabila lake kujulikana, na haki hiyo si ndogo.

Wakubwa wetu walihangaikia zaidi kinachosomwa kuliko namna kinavyopimwa. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Hapa Kampala Pio Zirimu na Austin Bukenya wakapigania fasihi simulizi itambuliwe kuwa elimu kamili. Walishinda, na vizazi vyetu vimekula matunda ya ushindi huo. Lakini tazama tunavyoipima fasihi simulizi hadi leo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hadithi ni sauti, mwili na hadhira anaingia ukumbini, anakaa kimya saa tatu, na anaandika sifa za fasihi simulizi kwa mpangilio. Hakutamba hadithi wala kuulizwa na wasikilizaji. Hakwenda kwa bibi wa Busoga au Teso kuirekodi hadithi, kisha akaja kutueleza kwa nini msimuliaji yule alinyamaza pale aliponyamaza. Tulipokea somo jipya tukalipima kwa chombo cha somo lililoondolewa.

Nichukue mfano wa historia. Swali linasema: jadili sababu na matokeo ya Mkataba wa Buganda wa 1900. Mwanafunzi amekutana na swali hilo tangu sekondari, na jibu limo katika daftari za kaka na dada zake. Ataandika kwamba ulitiwa saini tarehe 10 Machi, kwamba Sir Harry Johnston aliiwakilisha Uingereza, kwamba Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo na waliosimama kwa niaba yake ni Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, na kwamba kodi ya nyumba ikawa rupia tatu. Yote ni kweli. Atapewa 68, na hiyo 68 haitatuambia kama anaweza kuusoma mkataba.

Sasa mwekee mezani mkataba wenyewe, ibara ya 15. Ardhi ya ufalme inachukuliwa kuwa maili za mraba 19,600. Machifu na wamiliki binafsi 1,000 wanatengewa 8,000, Kabaka anapata 350, na wengine wanafuata kwa mafungu yao. Mwulize: siku saini hizi zinatiwa, nani alikuwa ameipima ardhi hii? Aliyejifunza historia ataona kwamba hesabu ile ni ya kukisia na kwamba wapima ardhi walikuja baadaye. Akiwa makini zaidi atauliza mkulima aliyekuwa akilima pale ametajwa wapi, kisha ataiunganisha ibara ile na migogoro ya ardhi ya mailo, ile iliyogawiwa kwa mkataba huo, anayoisikia redioni kila wiki. Mtu huyo ninaweza kumtetea mbele ya Wizara yoyote. Mwenye 68 ya madaftari siwezi, hata kama alama zao ziko sawa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kumpa mwanafunzi alama ni kazi moja. Kujua kama programu nzima imefundisha ni kazi nyingine, na hii ya pili tumeiacha bila mwenyewe. Kila mhadhiri anatunga swali la kozi yake, anasahihisha, anakabidhi. Mtahini wa nje anapitia sampuli ya karatasi. Anayefundisha mwaka wa kwanza haoni insha za mwaka wa tatu, na anayesimamia utafiti wa mwisho hajui mwanafunzi aliandikaje alipoingia. Hakuna anayemwona mwanafunzi mzima. Tunajumlisha wastani hadi nukta mbili, tunasema huyu amefika 4.40 apewe daraja la kwanza, na bado idara haiwezi kujibu kama wahitimu wake wa mwaka huu wanasoma kwa kina zaidi kuliko walivyosoma wakiingia.

Kyambogo haina haja ya kwenda mbali kutafuta dawa. Chuo hiki kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganishwa kwa taasisi tatu: Uganda Polytechnic Kyambogo, Chuo cha Ualimu kilichojulikana kwa kifupi ITEK, na Taasisi ya Taifa ya Elimu Maalumu, UNISE. Kila moja ilikuja na namna yake ya kumtambua aliyejifunza, na ninaona ajabu kwamba idara za sanaa hazikuketi kuzisikiliza.

Karakana kwanza. Anayejifunza kuchomelea anapeleka kiungo alichokichomelea. Mwalimu anakigeuza, anakitazama, anakigonga, na anamwambia hapohapo kasoro iko wapi. Kisha ualimu. Mwanafunzi akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, msimamizi anakwenda hadi shuleni, anakaa nyuma ya darasa na andalio la somo mkononi, anamwangalia akifundisha, na baada ya kipindi wanazungumza. Anarudi tena siku nyingine kuona kama lile walilozungumza limebadilika. Sijui upimaji mzuri kuliko huo: kazi halisi, jicho la mtu mzoefu, mazungumzo, kisha kuangaliwa mara ya pili. Cha kusikitisha ni kwamba mwanafunzi huyohuyo anayesomea ualimu wa historia anaangaliwa hivyo kama mwalimu, lakini kama mwanahistoria haangaliwi na yeyote.

Elimu maalumu inatufundisha jambo la ndani zaidi. Asiyeona anasoma na kuandika kwa nukta nundu. Kiziwi anajieleza kwa lugha ya ishara. Wenzetu wa elimu maalumu wamelazimika siku zote kuuliza: hasa tunataka kujua nini kwa mtu huyu, na njia ipi itamruhusu akionyeshe? Kama tunataka kujua uwezo wake wa kuchambua riwaya, kasi ya mkono wake haituhusu. Sisi wa sanaa hatukulazimika kuuliza hivyo, tukaishia kupima kasi ya mkono na nguvu ya kumbukumbu huku tukiviita uchambuzi.

Na pwani yetu ya Afrika Mashariki inajua ijaza, yaani idhini ya kufundisha. Katika elimu ya dini kule Lamu na Unguja, mwanafunzi anakisoma kitabu mbele ya shehe wake, anasimamishwa, anaulizwa, anaendelea, mpaka shehe mwenyewe aridhike kumruhusu akifundishe. Hapo mwalimu anaweka jina lake juu ya elimu ya mwanafunzi wake.

Nasikia tayari mnanijibu: darasa lina watu 200. Ni kweli. Tukimpa kila mmoja dakika kumi za mahojiano, ni saa 33 na dakika 20, na mhadhiri ana kozi nyingine tatu. Lakini kumbukeni nilivyotenganisha kazi mbili. Ili kujua kama programu inafundisha, si lazima kumhoji kila mtu. Idara ichague kwa bahati nasibu wanafunzi 30 wanaoingia, ihifadhi insha moja ya kila mmoja ya wiki za mwanzo, na miaka mitatu baadaye ichukue insha nyingine ya watu walewale juu ya maandishi wasiyowahi kuyaona. Wasomaji wawili wazisome bila kujua ipi ni ya lini. Mmoja wao atoke nje ya idara, na ningependa awe mwalimu wa sekondari, kwa maana yeye ndiye atakayempokea mhitimu wetu. Kisha hao 30 waitwe mmoja mmoja kuitetea insha ya pili kwa mdomo. Hiyo ni kazi ya siku chache, na gharama yake kubwa ni muda wa wahadhiri, ambao chuo kinapaswa kuuhesabu kuwa sehemu ya kazi yao.

Mahojiano hayo yamekuwa ya lazima zaidi tangu mwisho wa 2022, programu za akili mnemba zilipofika kwenye simu za wanafunzi wetu. Kazi ya nyumbani iliyoandikwa vizuri haithibitishi tena nani ameiandika. Wapo wanaotaka turudishe kila kitu ukumbini kwa kalamu na saa. Mimi nasema mketisheni kijana, mwulizeni kwa nini aya ya pili imekuja kabla ya ya tatu. Aliyeandika atajibu.

Wengine duniani wamejaribu upimaji mkubwa zaidi. Mwaka 2011 Richard Arum na Josipa Roksa walichapisha Marekani utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,300 katika vyuo 24: asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo ya maana katika kufikiri kwa uchambuzi na kuandika kwa miaka miwili ya kwanza. Jaribio walilolitumia kupima lilipingwa na wataalamu, na mapingamizi yao yana uzito. Lakini waliona pia kwamba waliopewa kurasa nyingi za kusoma na kuandika walisonga mbele zaidi, na kwamba wa masomo ya sanaa na sayansi asilia walikuwa mbele ya wa biashara. Huo ni ushahidi wa kutetea sanaa kuliko hotuba nyingi.

Naogopa jambo moja: fomu. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo ofisi zake ziko hapa hapa Kyambogo, linadai kila programu itaje matokeo ya kujifunza, na lina haki. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia programu zilizopitwa na muda wa ithibati. Lakini wengi wetu tunajibu kwa kuchukua orodha ya vitenzi iliyotokana na kazi ya Benjamin Bloom ya mwaka 1956, tunapanga "kueleza, kuchambua, kutathmini", tunaweka sahihi na kufunga faili. Hakuna mwanafunzi aliyeangaliwa.

Muda tulio nao wa kubadilika ni mfupi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, umeandaliwa na Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala, jirani yetu kwenye kilima hiki. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa UCE, wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2024, asilimia 20 ya alama ikitoka kwenye kazi walizozifanya shuleni. Watoto hao wamezoea miradi, kazi za vikundi na kupewa tatizo la maisha walitatue. Wakifuata ngazi zao bila kukatika, watafika chuo kikuu mwaka 2027. Tutawapokea kwa swali la sababu na matokeo?

Nawaomba wakuu wa idara za sanaa waanze muhula ujao, kwa idara moja na insha 30, na matokeo yabandikwe hadharani hata kama hayatupendezi. Nawaomba wanafunzi mdai kuulizwa maswali, msidai alama peke yake. Nanyi wazazi, kijana akirudi nyumbani na cheti, mpeni gazeti la siku hiyo na mwambieni awasomee habari moja, kisha awaeleze nani hakuulizwa kitu katika habari ile.