Tumwulize Kwanza Anayebeba Gunia

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze jinsi ya kutengeneza programu ya simu itakayowasaidia watu kurejeleza taka, yaani kuzikusanya ili zigeuzwe kitu kingine badala ya kutupwa. Hapana shaka wengi wenu vijana mnanizidi kwa ujuzi wa kompyuta. Lakini ninacho kitu kimoja ambacho ninyi bado hamna, nacho ni kosa nililokwisha kulifanya.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kamati ya ofisi moja iliyotaka programu ya namna hiyo. Tulikaa mezani miezi minne. Tuliweka picha za rangi, mafunzo ya mazingira, na alama za zawadi kwa atakayejibu maswali. Siku ya kuionyesha tukamwalika mama mmoja anayeishi kwa kuokota chupa. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kitochi chake na kuuliza: "Mwanangu, hii itaingia humu? Na itaniambia gari la mnunuzi linakuja lini?" Majibu yote mawili yalikuwa hapana. Kazi ile iliishia kabatini, na mwandishi wa mpango ule nilikuwa mimi.

Nikajiuliza: sisi tuliosoma hapa tulirejeleza nini? Tulirejeleza chupa za soda, na wala hakuna aliyetuhubiria. Mwenye duka alidai chupa au fedha ya chupa, na kreti lilirudi na gari lile lile lililoleta soda. Chupa ile ilikuwa na bei, tena ilikuwa na njia ya kurudia. Chupa ya plastiki ya maji haina bei ya uhakika, na mara nyingi njia yake ni mtaro. Mvua za Kyela mnazijua. Kinachoachwa mtaroni huchukuliwa na mito hadi ziwani, na Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu unaotoka, yaani Shire, kule kusini nchini Malawi. Kwa hiyo tunachotupa hakiendi mbali. Kinabaki pamoja na mbasa na usipa wetu. Amri ya serikali ya tarehe 1 Juni 2019 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini chupa bado tunazo.

Basi, mkitaka kutengeneza programu, nawaombeni mfikirie mambo matatu.

Kwanza, uzito. Chupa tupu ya lita moja na nusu ina gramu 30 hivi. Kilo moja ni chupa kama 33, nazo zisipobanwa hujaza nafasi ya zaidi ya lita 50. Gari linalopanda Tukuyu kwenda Mbeya na mzigo wa namna hiyo limebeba hewa, na fedha ya mafuta hairudi. Kazi ya kwanza ya programu ni kuunganisha magunia: wakusanyaji wa Ipinda, Matema, Itungi na Kasumulu waandike wana mangapi, na mnunuzi aone lini yanatosha safari moja.

Pili, uchambuzi. Chupa ya maji na kifuniko chake ni plastiki za aina mbili. Chupa huwa na pembetatu yenye namba 1; kifuniko kwa kawaida ni namba 2 au 5. Zikichanganywa, mali huharibika. Vijana wa sayansi, kateni vipande mvitie katika ndoo ya maji: cha chupa huzama, cha kifuniko huelea. Jambo hilo programu inaweza kulifundisha kwa sentensi moja.

Tatu, simu yenyewe. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, hata bibi zetu wamezoea kubonyeza nyota na namba. Huduma ianzie hapo, kwa Kiswahili, bila intaneti. Malipo yaingie katika simu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Picha zije baadaye.

Wenzetu wamekwisha kuanza. Kampala iko Yo-Waste, inayowaunganisha wenye taka na wenye magari ya kuzichukua. Nairobi iko Mr. Green Africa, inayonunua plastiki kwa waokotaji na kuifanya malighafi. Wote hao wanashughulika na anayebeba na anayenunua.

Ndugu zangu, mfinyanzi wa Ikombe haanzi na nakshi. Huanza na udongo. Nanyi kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, nendeni sokoni na daftari, mkae na mwokotaji mmoja, mmwulize: unaokota nini, nani ananunua, na nini kinakukwamisha? Andikeni majibu kama alivyoyasema.

Mungu akipenda nitarudi mwaka ujao. Nitaomba kwanza kuliona daftari hilo, ndipo mnionyeshe simu.